Akala za Valary

Isaac fundi baiskeli alikuwa akianza na miguu. Nasema alikuwa, ingawa yupo hai na kibanda chake kipo, nakitazama sasa hivi kutoka hapa Garsen ninapouzia chai na mahamri, hatua chache upande wa pili wa njia. Miaka ile ukimpelekea baiskeli ukamwambia pedeli imekufa, hakuitazama baiskeli. Alikutazama wewe kuanzia kisiginoni, aone umevaa nini, ndipo aulize unabeba nini na unapita wapi. Wageni walimwona msumbufu. Mtu amesimama juani na gunia la makaa, anataka pedeli moja tu, na fundi anamwambia ainue mguu auone unyayo. Nilimcheka sana siku hizo. Nilimwambia, Baba Valary, ungekuwa daktari wagonjwa wangekufia kwenye foleni.

Lakini alikuwa na hoja, na mji mzima ulikuja kumkubali. Mbeba mizigo, alisema, asivae kitu kitakachomchelewesha kushuka. Anayetoka mashamba ya mtoni na matenga mawili ya maembe anapita kwenye udongo mweusi, na udongo ule ukilowa hauna adabu; baiskeli ikianza kulala, ni kufumba na kufumbua uwe umeshatia mguu chini. Huyo alimpa pedeli pana za mbao, alizochonga mwenyewe, na kumwagiza avae akala au aende pekupeku. Waliozoea kuziacha pedeli ziishe kabisa, wakawa wanakanyaga kile chuma chembamba cha katikati, aliwagombeza mbele za watu. Alimwita Charo, mchukuzi wa maji, aonyeshe nyayo zake zilivyobonyea katikati kwa kukanyaga chuma miaka sita, na Charo wa watu alizionyesha.

Wa kubeba abiria, au wa kwenda kanisani Jumapili, aliwafungia pedeli za mpira na kuwaruhusu kiatu chochote isipokuwa ndala, maana ndala hukunjika ikaingia kwenye mnyororo. Na wale wa safari ndefu za lami, wa kutoka hapa kupita Minjila na kuendelea, aliwaambia watafute soli ngumu. Soli laini inakula mguu, alisema. Unakanyaga wewe, nguvu inaishia kwenye mpira. Asiye na uwezo wa kiatu kigumu alimkatia kipande cha jerikeni akamtilia ndani ya raba. Nimewaona watu wakirudi kutoka mbali wakimshukuru kwa kipande cha jerikeni.

Huyo ndiye Isaac. Nataka ajulikane hivyo kwanza, kwa sababu nitakayoyasema baadaye hayampendezi, wala hayanipendezi mimi.

Valary ni binti yake, mtoto wake wa pekee. Mama yake, Rosina, analima mpunga na ndizi kwenye kipande chao kando ya mto, na Valary tangu ana miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa akizipandisha ndizi sokoni kwa baiskeli ya baba yake, amesimama juu ya pedeli kwa kuwa hakufikia kiti. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani kama wenzake wote. Sijui kwingine, lakini hapa kwetu kumaliza shule ni kama kufika mwisho wa daraja ukakuta daraja lenyewe halikumalizwa. Vyeti viko kwenye bahasha ndani ya sanduku. Wasichana wanaolewa, wavulana wanaendesha boda, na asiyetaka hili wala lile anakaa. Valary alikaa, na jioni alichukua baiskeli akashindana na boda kwenye lami mpaka Minjila. Boda zilizochoka alizishinda.

Hapo ndipo alipoonekana na Griffin, kijana wa Malindi anayefundisha mbio za baiskeli. Griffin alikuwa akipita na gari, akamfuata nyuma kilomita kadhaa akiutazama mshale wa mwendo, kisha akaja mpaka kibandani kwa Isaac kuuliza huyu ni nani. Baada ya wiki mbili alimletea baiskeli ya mbio kwa mkopo, nyepesi, unaiinua kwa vidole viwili. Akasema mwezi wa pili atawapima wasichana wanne pale Minjila, na mmoja atakwenda kambi ya mazoezi Eldoret mwaka mzima, kula na kulala kwa gharama ya kambi, na nafasi kwenye timu. Mmoja tu. Sikuwahi kumwona Rosina akicheka kwa sauti mpaka siku ile.

Pedeli za baiskeli ile zilikuwa ndogo, si kubwa kuliko kipande cha sabuni kinachobaki mwisho wa wiki. Hazikuwa za kukanyaga tu. Zilikuja na viatu vyenye chuma kidogo chini ya soli, ambacho Isaac alikiita jino. Unakanyaga, jino linanasa kwenye pedeli, na mguu wako na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Unapokanyaga unasukuma, unapoinua mguu unavuta. Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwa nje, jino linaachia. Isaac alivigeuzageuza viatu vile asubuhi nzima. Aliniambia hicho ndicho kiatu cha mwisho, baada yake hakuna kingine, lakini ni cha lami na cha mashindano peke yake, na mtu asikivae mpaka mguu wake uwe umejifunza kutoka kabla ya kuingia.

Tatizo ni kwamba vilikuwa viatu vya mwanamume. Mguu wa Valary ulicheza ndani kama mchi kwenye kinu. Griffin aliahidi kumtafutia vya saizi yake, na kabla hajaondoka alimwambia Isaac mbele yangu, "Mzee, nikivikosa, mwekee pedeli za kawaida. Usilazimishe."

Isaac alisema sawa. Yeye mwenyewe angelimwambia mteja neno hilo hilo.

Griffin alivikosa. Alipiga simu wiki ya mwisho kusema hivyo. Sasa Isaac alikuwa amekwisha kumpima binti yake kwa saa ya simu, kwenda Minjila na kurudi, mara kwa pedeli za kawaida, mara kwa vile viatu vikubwa vilivyojazwa matambara. Kwa viatu vya meno alikuwa mbele dakika mbili nzima, ingawa miguu ilitoka malengelenge. Wasichana wengine watatu wangekuja na viatu vyao kamili. Dakika mbili hizo ndizo zilizomla Isaac. Alikuwa akizitaja akinywa chai, akizitaja akijaza upepo tairi la mtu. Mganga hajigangi, wamesema, na mimi naongeza kwamba hajigangii hata mtoto wake.

Akaamua kutengeneza akala. Msimcheke, hapa kwetu hakuna kilichoishinda akala. Tairi la lori likikatwa vizuri linamvusha mtu miibani, matopeni, na juani miaka mitano. Baba yake Isaac alikuwa mkata akala, na mkono wa baba ulikuwa bado uko kwa mwana. Alikata soli nene kwa kipimo cha mguu wa Valary, akaweka mikanda ya kukaza mbele na nyuma, kisha akavifungua vile vyuma kwenye viatu vya Griffin avihamishe.

Kila jino lilishikwa na bolti mbili. La kushoto lilifunguka bila taabu. La kulia, bolti moja ilikuwa imeliwa na kutu kichwa chote, akaikata, ikaharibika. Bolti ya namna ile haikuwapo Garsen yote. Malindi ingepatikana, lakini ilikuwa Jumatano na mbio ni Jumamosi, na Valary alihitaji siku za kuzizoea. Basi Isaac alifunga bolti moja, na kwenye tundu la pili akapitisha msumari, akaukunja kwa ndani ya soli na kuulaza kwa nyundo, kama zinavyopigwa akala zote.

Niliuona msumari ule. Nilikuwa nimempelekea chai. Mimi si fundi, lakini hata mimi nilielewa kwamba chuma kinachoshikwa mahali pawili hufuata mguu, na kikishikwa mahali pamoja tu kinaweza kuzunguka chenyewe kama mlango kwenye bawaba. Ukizungusha kisigino utoke, kisigino kitageuka, jino halitageuka. Nikamwuliza, msumari, Baba Valary? Akajibu bila kuinua kichwa kwamba akala zimeshikwa na misumari tangu babu yake, na hajasikia iliyoachia. Ilikuwa kweli. Ila akala ya babu yake haikuwahi kuombwa izunguke. Nilirudi kwenye masufuria yangu.

Valary alizifanyia mazoezi siku mbili kuzunguka uwanja wa mpira, akinasa na kujinasua, na zilimtii. Ijumaa jioni alikuja akasema ya kulia inacheza kidogo. Isaac akaipiga nyundo tena, akaivuta kwa mikono miwili, akasema iko sawa. Mtoto aliamini. Angeachaje kuamini? Watu walikuwa wakitoka hata Kipini kuja kumwuliza baba yake wavae nini.

Jumamosi asubuhi nilipeleka thamosi zangu Minjila. Sitajisifu kwamba nilikwenda kushangilia. Penye watu panauzika chai. Wale wasichana watatu walikuwa na viatu vinavyong'aa, wakazitazama akala wakagusana viwiko wakicheka. Griffin aliinama akaiokota moja, akaigeuza, akalibonyeza jino kwa kidole gumba. Ilikuwa ya kushoto, yenye bolti zote mbili. Alitikisa kichwa, nami nilimwona hajui akatae au asifu. Mwishowe alimwuliza Isaac kama anaziamini.

"Nimezitengeneza mimi," Isaac alisema.

Walianza pamoja kuelekea upande wa Malindi, wakageuze mbali huko na kurudi. Tulikaa. Jua la Februari halikuwa na mzaha. Ilipokaribia saa tatu tukaona kitu kidogo kwenye lami kinakuja peke yake, na Isaac akanishika mkono kwa nguvu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kwa sababu alikuwa ni Valary, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Si dakika mbili. Aliwaacha kiasi kwamba hata vumbi lao hatukuliona.

Na hapo ng'ombe wakapanda barabarani. Msimu wa kiangazi makundi hushuka kutoka Bangale na kwingineko kufuata maji na majani ya huku, na kila siku huikata barabara ile. Kila mwenye kupita anajua, Valary alijua. Mchungaji, Mworma mmoja aitwaye Guracha, alikuwa mbele yao akipunga fimbo awarudishe. Valary alishika breki mapema. Alipunguza mwendo vizuri kabisa. Kulibaki nafasi ya kutosha lori kugeuka. Alichohitaji ni kutia mguu chini asubiri.

Niliona kisigino chake cha kulia kikigeuka kwa nje. Kikarudi. Kikageuka tena. Mguu ulibaki pale pale. Baiskeli ilisimama kitambo kidogo, wima, haina mwendo, kisha ikalalia upande wa kulia na yeye ndani yake, mguu umefungwa, na goti likaenda upande ambao magoti hayaendi. Hakuna ng'ombe aliyemgusa. Narudia kwa wote waliosikia vingine: hakuna ng'ombe aliyemgusa.

Guracha ndiye aliyefika kwanza, sisi tukikimbia nyuma. Alijaribu kuuvuta mguu, Valary akalia kilio ambacho sitaki kukieleza. Akatoa kisu kiunoni, akaikata mikanda ya akala mmoja baada ya mwingine, mguu ukatoka, akala ikabaki imening'inia kwenye pedeli.

"Nani funga wewe hivi?" Guracha alimwuliza.

"Baba," Valary alisema.

Isaac alikuwa amefika, alisikia. Nami nilisikia. Na jambo nililoliona baada ya hapo nimelikalia mwaka mzima na miezi. Isaac hakumshika mtoto kwanza. Aliinama, akainyonganyonga ile akala mpaka ikatoka kwenye pedeli, akaitia ndani ya shati lake, akafunga kifungo. Ndipo akapiga magoti akamkumbatia binti yake akilia, na kilio kile kilikuwa cha kweli. Griffin alipofika mbio akiuliza imekuwaje, Isaac alijibu, "Ng'ombe. Ng'ombe wameingia barabarani."

Goti lilichanika ndani. Hospitali ya Malindi walilifunga plasta, wakalifungua, wakasema linahitaji kupasuliwa na daktari aliye mbali, na huyo daktari aliye mbali alipolipasua halikukunjika tena. Nafasi ya Eldoret ilienda kwa msichana aliyefika wa pili, au tuseme wa kwanza. Griffin alikuja mara mbili kumjulia hali, mara ya tatu alikuja kuchukua baiskeli. Majirani walikuja na unga na maneno. Mmoja alidiriki kusema mbele ya kitanda kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa na birika mkononi, na Mungu ananijua, nilikaribia kumwagia. Mtoto yule alisikia la mkuu. Tatizo lake lilikuwa hilo hasa.

Mjini maneno yalianza kuchemka. Ng'ombe wa watu wa mifugo wamemlemaza msichana wa Kipokomo, wa sisi wakulima. Hiyo ndiyo habari iliyotembea, na vijana wetu walikuwa wakikaa vikundi vikundi wakiongea chini chini. Tunayajua hayo maongezi yanakofika. Basi wazee wa upande wa Guracha hawakusubiri. Walikuja mchana, naibu wa chifu akiwa shahidi, mpaka uani kwa Isaac, wakivuta mtamba wa ng'ombe, mwekundu mwenye afya, kuwa fidia. Wakasema damu ya mtoto imemwagika mbele ya ng'ombe wao, nao hawataki jambo hilo lipite kimya.

Guracha alisimama nyuma yao. Alipoambiwa aseme, alisema ng'ombe ni wake na walikuwa barabarani. Ya akala hakuyataja. Kisu kilikuwa kiunoni pale pale. Kisha macho yote yakamgeukia Isaac, na mimi niliyekaa na wanawake ukutani nilimsihi moyoni aseme. Hata sentensi moja. Wale watu walikuwa wamekuja kwa heshima, na aliyeificha ile akala ndani ya shati lake ni yeye.

Isaac alisema, "Nimepokea." Akaishika kamba.

Na mimi nilinyamaza. Nilijiambia nikisema nitamvunjia nyumba Rosina, na kwamba kwa mtamba ule vijana wangetulia, ya nini kuchokonoa. Sababu nzuri hizo. Najua kuwa ni visingizio, maana mtu asiye na hatia havihitaji. Baadaye Guracha alipokuja kunywa chai nilimwuliza kwa nini alilipa deni lisilo lake. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba naye ana binti, na baba aliyemfanyia mtoto wake vile amekwisha pigwa. Yeye aongeze nini? Alikunywa, akaenda zake. Sijamwona tena.

Wazee walipoondoka nilibaki uani nikikusanya vikombe. Isaac alimfunga mtamba kwenye mti wa ua akaanza kumkatia majani, haraka haraka, kama mwenye kazi ya maana. Valary alitoka ndani na magongo. Alikuwa amelala chumba cha mbele, dirisha wazi. Alisikia kila kitu. Alimtazama yule mnyama. Akamwuliza baba yake kama ndivyo alivyowaambia watu tangu mwanzo, kwamba ni ng'ombe. Isaac alisema angesema nini. Alisema watu wangemwonaje, nani angemletea baiskeli tena, wao watakula wapi.

"Mguu nilikuwa nimeshakusamehe, baba," Valary alisema.

Akageuka, na kugeuka kwake kwa magongo kulichukua muda, akarudi ndani. Isaac alibaki na panga mkononi. Alinitazama mimi, nadhani alitaka nimwambie neno. Nilikuwa nimelinyima saa moja kabla, mahali ambapo lingefaa.

Mwezi uliofuata Valary alihamia Kipini kwa shangazi yake Lydia, ambaye ana duka dogo na alihitaji mtu wa kukaa nalo. Rosina hakumzuia. Asubuhi ile boda ilikuja mpaka mlangoni. Alikaa upande, mguu mbovu umenyooka mbele yake haujui pa kwenda, na Isaac alitoka akachuchumaa ili aushike, auweke kwenye kile chuma cha kukanyagia.

"Acha," Valary alimwambia. "Nitauweka mwenyewe."

Aliushika kwa mikono miwili juu ya goti, akauinua, ukamponyoka, akauinua tena. Mwenye boda alitazama pembeni. Mara ya tatu ulikaa. Isaac hakuwa ameinuka. Boda iliondoka ikakata kona ya barabara, na yeye alikuwa bado amechuchumaa pale, mikono imenyooshwa.